Kutoka uwanja wa ndege hadi Stesheni: namna tulivyowaingiza wageni wetu mjini kwa treni

Mazungumzo ya kamati ya mapokezi mbele ya wanachama, Baraka. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa, pamoja na maswali ya mwisho.



Mmetuomba tueleze safari ya wale wageni 14, hasa kile kipande cha kutoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam mpaka katikati ya mji. Tumesikia wengine pale nyuma wanacheka: watu wa Bibokoboko leo wanafundisha mambo ya treni! Ni kweli, kwetu treni haiko. Kupanda Bibokoboko ni pikipiki mpaka pale inapokataa, halafu ni miguu. Treni ya karibu upande wetu iko Kalemie, ambako reli ya Wabelgiji ilifika ziwani mwaka 1915. Ng'ambo iko Kigoma, ambako reli ya Wajerumani ilifika mwaka mmoja kabla, 1914. Katikati tuko sisi na Tanganyika yetu.

Lakini fikirini vizuri. Kati yetu wako waliokimbilia Burundi na Rwanda, wako wasiovuka mpaka, wakazunguka tu kati ya mlima na ziwa. Na wako wengi waliovuka kwenda Kigoma mwaka 1996 wakaishia kambini Nyarugusu au Lugufu. Kurudi kwao kulikuwa kwa meli. Mwaka 1997 ile meli ya zamani, Liemba, ilienda mara 22 kati ya Kigoma na Uvira ikirudisha watu zaidi ya 75,000. Kuanzia mwaka 2005 HCR ikaanza kuleta watu moja kwa moja kutoka Kigoma mpaka hapa Baraka. Wengine hawakurudi. Walihamishiwa Marekani, na leo wao na watoto wao ndio wanaotuma mchango. Wakitaka kuja kutuona, njia yao ni ileile kwa kinyume: Dar es Salaam, Kigoma, ziwa, Baraka. Njo maana mambo ya treni ya Dar yanatuhusu.

Wageni wenyewe na mfuko wao

Wageni walikuwa 14. Tisa ni wa kwetu, waliotoka Nyarugusu kwenda Marekani, pamoja na watoto wao waliozaliwa hukohuko. Watano ni rafiki zao wanaochangia chama. Mkubwa wa kundi alikuwa mama mmoja aliyepita miaka sabini, anatembea na fimbo. Mdogo alikuwa kijana wa miaka kumi na saba ambaye Kiswahili anakisikia lakini anajibu kwa Kiingereza.

Pesa ya safari walichanga wenyewe, wakaweka sharti moja: kitakachobaki kwenye usafiri kiende kwenye chumba cha kuzalia. Mnajua chumba tunachosema. Tangu vijiji vyetu vya juu vilipochomwa mwezi wa Oktoba 2021 na watu wengi wakateremka hapa Baraka, wamama wetu wanazalia pale panapopatikana. Kwa hiyo swali la taksi au treni halikuwa la starehe. Lilikuwa linakula au linajenga kile chumba.

Watu 14, sisi watano tuliotumwa, na valizi 28. Tuliuliza bei za magari ya pale uwanjani. Ingehitaji magari saba, na bei ya gari moja tu ilipita tiketi za treni za kundi zima. Tena kundi lingegawanyika mara saba, kila kipande na dereva asiyetujua, jioni, kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere. Mtu aliyewahi kukaa kwenye ile foleni anajua.

Treni ipi, stesheni ipi

Hapa tunaomba msikilize vizuri, maana ndipo watu wengi wanachanganyika.

Mgeni anayetoka Ulaya amezoea treni inayopita chini ya uwanja wa ndege. Amsterdam, pale Schiphol, unachukua valizi yako, unashuka ngazi, uko kwenye treni. Brussels, pale Zaventem, ni hivyohivyo. Mmoja wa wageni alituandikia mapema: "Treni iko mlango gani?" Tulimjibu kweli tupu. Tulimwambia treni haiingii uwanjani. Inapita jirani, ni treni ya wafanyakazi, inatembea asubuhi na jioni, mchana imelala. Kufika kituoni kunahitaji kipande kifupi cha bajaji. Watu watasimama. Kama mnakubali, tuandikieni. Kama hamkubali, tutakodi magari na chumba cha kuzalia kitangoja. Walikubali wote 14, kila mtu kwa maandishi. Tunasisitiza jambo hili kwa kamati zitakazofuata: usimwahidi mgeni Zaventem halafu ukamteremsha Karakata. Mwambie Karakata tangu mwanzo, atafika akiwa amejiandaa, na hata atafurahi.

Sasa, Dar es Salaam ina reli tatu, na ukimwambia dereva "nipeleke stesheni" bila kueleza, anaweza kukupeleka isiyo yako.

Ya kwanza ni Reli ya Kati, ya Wajerumani, yenye upana wa mita moja. Ndiyo inayokwenda Tabora hadi Kigoma. Stesheni yake iko katikati ya mji. Juu ya reli hii ndipo inapotembea treni ya mjini ya kwenda Pugu, ambayo inapita maeneo ya Karakata, jirani na uwanja wa ndege. Hizi treni za mjini zilianza mwezi wa Oktoba 2012, na watu waliziita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Mwanzoni moja ilienda Ubungo na nyingine ilitembea kwenye reli ya TAZARA. Hii ya Pugu ilikuja baadaye.

Ya pili ni TAZARA, reli ndefu ya kilomita 1,860 iliyojengwa na Wachina miaka ya sabini mpaka Kapiri Mposhi, Zambia. Stesheni yake kubwa iko kwenye Barabara hiyohiyo ya Nyerere, kati ya uwanja wa ndege na mji. Mtu ataiona toka mbali aseme, hii hapa stesheni, tumefika. Hapana. Reli yake ni pana kidogo kuliko ya Kigoma na inaelekea kusini. Anayekwenda Kigoma hana kazi pale.

Ya tatu ni reli mpya, SGR, ya umeme. Ilianza kubeba abiria kwenda Morogoro mwezi wa Juni 2024, na Dodoma mwezi wa Julai mwaka huohuo. Stesheni yake ya mjini iko karibu na ile ya zamani. Na hapa ndipo faida yetu ilipokuwa. Kesho yake tulitaka kuondoka na SGR kwenda Dodoma. Treni ya Pugu inakushusha Stesheni, unalala nyumba ya wageni ya jirani, asubuhi unatembea kwa miguu kwenda kwenye treni nyingine. Hulipi gari mara mbili.

Mwelekeo ni muhimu kuliko saa

Siku mbili kabla ya wageni kufika, tuliipanda ile treni wenyewe, kwenda na kurudi, asubuhi na jioni. Haya ndiyo tuliyoyaona.

Asubuhi wafanyakazi wanatoka Pugu na Gongo la Mboto kuingia mjini. Mabehewa yanajaa mpaka mlangoni. Kundi la wageni likitua alfajiri lisijaribu; litaumia. Jioni watu wanarudi nyumbani, kwa hiyo treni inayotoka mjini inajaa vilevile. Lakini treni moja haiendi mara moja tu. Ikishusha watu Pugu inarudi mjini kuchukua wengine, na katika kurudi huko inakuwa nyepesi. Kundi letu lilikuwa linaingia mjini jioni, yaani kinyume cha mkondo. Viti vilikuwepo.

Ndege ya wageni ilipangwa kutua saa nane mchana. Kama ingetua saa kumi na mbili jioni, tusingetumia treni hata kama ni bure. Kwa hiyo kamati inayofuata isiulize tu kama treni iko. Iulize ndege inatua saa ngapi, watu wa mji wanaelekea wapi saa hiyo, na treni ya mwisho inapita lini. Na siku za mapumziko wahakikishe kwanza kama treni inatembea.

Watu mbali, valizi mbali

Valizi 28 haziingii kwenye treni ya wafanyakazi. Hata zikiingia, si adabu kumzuilia njia mtu aliyechoka na kazi. Tulikodi magari mawili madogo ya mizigo, yale wenyeji wanayoyaita kirikuu, bei tukakubaliana siku moja kabla. Kila kirikuu ilipanda mmoja wetu mbele, na karatasi yenye orodha: valizi namba fulani, ya fulani, rangi fulani. Tuliandika namba kwa kalamu kubwa juu ya utepe mweupe tukabandika kila moja pale nje ya mlango wa kutokea. Kila mgeni alibaki na mfuko mmoja wa mkononi wenye pasipoti, dawa, pesa, na ile kadi ya njano ya chanjo. Kadi hiyo isisahaulike: Kongo inaidai kwa kila anayeingia, na kuitafuta ndani ya valizi 28 bandarini ni mateso.

Ndani ya uwanja kulichukua muda. Wenye pasipoti ya Marekani viza yao ni dola 100, na foleni yake ni yake peke yake. Halafu kila mtu alitaka laini ya simu, na laini inasajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole, mmoja mmoja. Tukakata shauri: laini tatu tu leo, moja kwa kila nyumba. Wengine kesho.

"Nyumba" ni nini? Tutaeleza sasa, maana ndicho kitu tunachotaka mkumbuke hata mkisahau mengine yote.

Nyumba haigawanyiki

Kabla ya kuondoka hapa Baraka, kamati ilikaa na kujiuliza: watu 17 wakipanda treni pamoja, nani anamjua nani? Ukisema "tuko wote?" watu wanajibu "ndiyo", na aliyepotea hajibu kitu. Mama mmoja wa kamati akasema tufanye nyumba. Tukagawa kundi nyumba tatu. Nyumba ya kwanza watu watano, wale wa kutembea polepole. Ya pili sita, ya tatu sita. Kila nyumba ina kichwa, mmoja wetu, mwenye laini ya simu na bahasha ya akiba. Kichwa anahesabu watu wake kwa vichwa, si kwa kuita majina. Nyumba inaingia kwa mlango mmoja, na kichwa anaingia wa mwisho. Na sheria kubwa: mtu akibaki, nyumba yake inabaki naye. Zile nyumba nyingine zinakwenda.

Baadhi yetu tuliona sheria hii ni kali. Kwa nini watu watano wakose treni kwa sababu ya mmoja? Yule mama hakubishana sana. Alitukumbusha ziwa, mwaka 1996. Kila mtu alipanda boti palipokuwa na nafasi, baba hapa, mtoto kule, wakisema tutakutana ng'ambo. Tunajua wote ni wangapi hawakukutana ng'ambo. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena.

Basi. Tulifika Karakata kwa bajaji tano, na taksi moja kwa ajili ya mama mkubwa na wa nyumba yake. Tiketi zilikatwa. Tukasimama nyumba tatu, mbalimbali kidogo. Treni ilikuwa bado. Vijana wawili wa nyumba ya tatu wakaomba kwenda kununua maji pale ng'ambo ya barabara. Kichwa akawaambia dakika tano. Wakafika dukani, muuza duka akasikia lafudhi yao, mazungumzo yakaanza, mnajua vijana. Treni ikaja.

Treni ya mjini haikai. Nyumba ya kwanza iliingia. Ngazi iko juu kutoka chini, mama mkubwa alipandishwa na abiria wawili tusiowajua, mmoja akimwita bibi, mwingine akimshikia fimbo. Nyumba ya pili ikaingia. Kichwa wa nyumba ya tatu akasimama mlangoni na watu wake watatu, anatazama barabara, vijana hawaonekani. Mgeni mmoja wa nyumba ile, mtu mzima mwenye haraka zake, akasema: "Sisi tuingie, hawa watatukuta, ni vijana wana simu." Lakini simu zao hazikuwa na laini. Kichwa akasema hapana, tunashuka. Mgeni akakasirika. Treni ikaondoka na watu 11, sita wakabaki.

Treni iliyokuwa inafuata ilikuwa ya mwisho kuingia mjini jioni ile. Tulijua hivyo kwa sababu tulikuwa tumeipanda juzi yake. Kama isingekuja, ile bahasha ya akiba ilikuwa na pesa ya gari. Giza lilikuwa linaanza kuingia. Vijana walirudi na chupa zao za maji wakikuta watu wanne wamesimama wanawangojea, na hakuna aliyewagombeza. Kichwa aliwahesabu tu: wawili, watatu, wanne, watano, sita. Akatuma ujumbe kwa nyumba nyingine: "Tuko sita. Tunakuja."

Sisi tuliokuwa tumetangulia tulishuka Stesheni tukakaa kwenye benchi. Hatukwenda nyumba ya wageni. Mama mkubwa alikataa kunyanyuka hapo hata tulipomwambia kirikuu zimefika na chakula kiko tayari. Treni ya mwisho ilipoingia aliwahesabu mwenyewe kwa fimbo, mmoja mmoja wakishuka. Ndipo akasema twende tukale.

Yule mgeni aliyekasirika alikuja baadaye usiku kwa kichwa wa nyumba yake. Alisema mambo mawili. La kwanza, kwamba angekuwa yeye angeingia kwenye treni. La pili, kwamba sasa anaelewa pesa anayotuma iko kwa watu gani. Hatuongezi neno.

Hesabu ya pesa

Mweka hazina amebandika karatasi mlangoni, kila mtu anaweza kuisoma akitoka. Kuna bajaji, taksi moja, kirikuu mbili, tiketi za treni, maji, na laini tatu za simu. Bahasha tatu za akiba zilirudi bila kufunguliwa. Jumla yake ni chini ya nusu ya bei tuliyotajiwa kwa magari saba. Kilichobaki kimeingia kwenye mfuko wa chumba cha kuzalia, na wageni wote 14 wametia sahihi.

Wafadhili wetu, tunajua ninyi mnasoma ripoti nyingi zenye meza na picha. Sisi tunaamini ripoti ya kwanza mnayopata ni ile ya barabarani: mgeni akitua, je, kuna mtu anamngojea, anajua jina lake, anajua valizi yake iko wapi, na shilingi yake imetumika vipi? Miaka mingi sisi ndio tuliohesabiwa. Tulihesabiwa Kigoma tukiingia, tukahesabiwa kambini kwa ajili ya mgao, tukahesabiwa bandarini tukirudi, watu na vyombo. Tunaijua ile karatasi ya orodha toka upande wa chini. Sasa orodha tumeishika sisi, na tulitaka kuishika vizuri.

Mbele ya Dar

Hili tutalipitia haraka, maana wengi mnaijua njia. Asubuhi tulipanda SGR kwenda Dodoma. Tiketi inakatwa kwa jina na kitambulisho, kwa hiyo orodha ya pasipoti iwe tayari. Bei ya kawaida wakati safari zilipoanza ilikuwa shilingi 31,000 hadi Dodoma, na 13,000 kwa wanaoishia Morogoro. Kutoka Dodoma mpaka Kigoma ni basi, kutoka Kigoma ni ziwa. Na kupanda Bibokoboko kunategemea usalama wa wiki ile. Wageni waliambiwa hivyo kabla ya kununua tiketi ya ndege.

Huenda siku moja safari hii itakuwa fupi. Tanzania ilisaini mkataba wa kujenga SGR kutoka Tabora hadi Kigoma mwezi wa Desemba 2022. Kuna nyingine ya kutoka Uvinza kwenda Musongati, Burundi, na katika mpango wa nchi zetu tatu reli hiyo inatakiwa kuendelea mpaka Uvira na Kindu. Watoto wa vijana hawa labda watashuka treni Uvira. Sisi tunaendelea na kirikuu.

Maswali

*Mzee mmoja aliuliza: wageni wanaopitia Nairobi, nao wanaweza kuingia mjini kwa treni?*

Wanaweza, kwa namna inayofanana. Uwanja wa Jomo Kenyatta hauna treni mlangoni. Kituo cha Syokimau, kilichofunguliwa Novemba 2012, kiko jirani, na treni yake inafika stesheni ya katikati ya mji. Ni treni ya wafanyakazi pia, kwa hiyo sheria ni zilezile: uliza saa, uliza mwelekeo, valizi ziende mbali na watu. Na pale Syokimau kuna stesheni mbili, ya treni ya mjini na ile ya SGR ya Mombasa iliyoanza mwaka 2017. Usizichanganye.

*Mama mmoja aliuliza: mgeni mgonjwa au mjamzito naye mtampandisha treni?*

Hapana, mama. Yule tutamkodia gari, na mtu wa nyumba yake ataenda naye. Tumeacha pesa kwa ajili hiyo. Treni ni kwa wanaoweza kupanda ngazi, au wanaoweza kupandishwa bila kuumia.

*Kijana aliuliza: kwa nini msiwape wageni ramani kwenye simu, wakaja wenyewe?*

Mtu mmoja anayejua Kiswahili, sawa, aje mwenyewe, wako wanaofanya hivyo. Lakini kundi si mtu mmoja mara kumi na nne. Ramani inajua barabara. Haijui kwamba wawili wamekwenda kununua maji.

*Mwingine aliuliza: wale vijana wawili waliadhibiwa?*

(Kicheko.) Walibebeshwa mizigo ya mama mkubwa mpaka Kigoma. Na huko Kigoma, bandarini, mmoja wao alikuwa anahesabu nyumba yake kabla kichwa hajaanza.

Tunamalizia hapo. Kundi lingine linatarajiwa wakati wa kiangazi, na kamati inahitaji vichwa wa nyumba wanne. Tunatafuta watu wawili wamama na wawili wapapa, wanaojua kusoma orodha, wenye simu, na wasio na haraka ya kuingia kwenye treni. Majina yaandikwe kwa mwandishi kabla hamjatoka.